Tovuti inayomfikisha mgeni: tathmini ya GOV.UK

Mtu aliyeko Mwanza anayetaka kwenda Leeds kumtembelea dada yake huanza na swali moja: nahitaji viza au sihitaji? Kwenye GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, swali hilo ndilo jina la ukurasa. Chini ya jina kuna sentensi chache na kitufe cha kijani cha kuanzia. Ukikibonyeza unaulizwa pasipoti yako ni ya nchi gani. Ukiacha utepe wa juu, hakuna kingine kinachogombea macho yako: hakuna picha ya waziri, hakuna matangazo yanayojibadilisha yenyewe, hakuna safu ya viungo pembeni. Ukichagua Tanzania unaulizwa unakwenda kufanya nini: kutalii au kutembelea ndugu na marafiki, kufanya kazi, kusoma, kupita njiani kuelekea nchi nyingine, na kadhalika. Wakati mwingine huja swali moja zaidi, halafu jibu. Kwa Mtanzania anayekwenda kutembea, jibu ni kwamba viza inahitajika, na kiungo cha kuiombea kiko papo hapo.

Majibu uliyotoa njiani nayo yameorodheshwa, kila moja likiwa na kiungo cha kulibadilisha. Aliyekosea nchi hurekebisha nchi. Na kwa kuwa majibu yameandikwa ndani ya anwani ya ukurasa, unaweza kuinakili anwani hiyo, ukamtumia ndugu yako kwa WhatsApp, naye akafungua jibu lile lile. Ni jambo dogo ambalo watengeneza tovuti wengi hulisahau: zana nyingi za maswali huishia kwenye ukurasa usio na anwani yake, na ukiufunga, kazi yote imepotea.

(Vichwa na maneno ya vitufe nimeyaweka kwa Kiswahili ili yasomeke. Kwenye tovuti yenyewe yako kwa Kiingereza, na hilo ni mojawapo ya mapungufu nitakayoyataja.)

Tathmini hii inamlenga zaidi anayejenga tovuti ya hospitali, halmashauri, chuo au shirika la huduma, kuliko anayetafuta viza. GOV.UK ni kazi bora ya kusoma kwa mtu anayetaka mgeni aingie kwenye tovuti asiyoijua na atoke na jibu. Si kwa sababu inapendeza. Ina maandishi meusi, karatasi nyeupe, viungo vya buluu, na basi. Ubora wake uko kwenye maamuzi: nini kitangulie, kiitwe jina gani, na kipi kiondolewe kabisa.

Kabla ya 2012 taarifa za serikali ya Uingereza zilikuwa zimetapakaa kwenye mamia ya tovuti, kila wizara na kila wakala na yake. Mwaka 2010 Martha Lane Fox aliiandikia serikali ripoti akishauri kuwe na mlango mmoja. Mwaka 2011 ikaundwa idara ya huduma za kidijitali, GDS, na tarehe 17 Oktoba 2012 GOV.UK ikachukua nafasi ya Directgov, iliyokuwa ya wananchi, na Business Link, iliyokuwa ya wafanyabiashara. Wizara na wakala zikahamishiwa humo katika miaka iliyofuata. Mwaka 2013 tovuti hii ilipata tuzo ya Design of the Year ya Design Museum ya London, tuzo ambayo wengi wangetarajia iende kwa jengo au kiti. Leo ina kurasa zaidi ya 700,000, na hapo ndipo ugumu wake unapoanza.

Kazi kwanza, ofisi baadaye

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni kwamba mgeni halazimiki kujua serikali imepangwaje. Leseni ya udereva inashughulikiwa na wakala mmoja, mtihani wa udereva na wakala mwingine, kodi ya gari ina taratibu zake. Mwananchi haulizwi anamtafuta nani. Anakuta mada iitwayo uendeshaji na usafiri, na ndani yake kazi: kupata leseni ya kujifunzia, kuagiza tarehe ya mtihani, kulipia kodi ya gari.

Mada za ngazi ya kwanza ni kama 16, zimepangwa kwa alfabeti, na kila moja ina mstari mmoja chini yake unaotaja mifano ya yaliyomo. Mstari huo ndio unaobeba kazi. Neno moja kama “huduma” au “rasilimali” halimwambii mgeni chochote. Mifano mitatu minne chini yake inamhakikishia kwamba yupo mahali sahihi kabla hajabonyeza. Kama unajenga tovuti ya chuo na una kiungo kiitwacho “Wanafunzi”, andika chini yake: ada, matokeo, mabweni, barua ya udahili. Kazi hiyo inachukua nusu saa, na simu za kuulizia zitapungua.

Kitufe cha menyu kiko juu, na kimeandikwa neno lenyewe, menyu, badala ya kuachiwa vistari vitatu peke yake. Wapo watu wengi, hasa wazee na wale waliozoea simu za vitufe, ambao vile vistari huviona ni pambo. Ukikibonyeza, orodha hufunguka na kusukuma ukurasa chini. Haitegemei kupitisha kipanya juu yake. Menyu zinazofunguka kwa kupitisha kipanya ni tatizo la kudumu kwenye tovuti zetu: kwenye simu hakuna kipanya, kwa hiyo mguso wa kwanza hufungua ukurasa wa juu na vile viungo nane vya ndani havionekani kamwe.

Karibu kila ukurasa una mstari wa njia juu ya kichwa: Mwanzo, kisha mada, kisha mada ndogo. Wageni wengi hawaingii kupitia ukurasa wa mwanzo. Wanatua katikati ya tovuti kutoka Google. Mstari huu ndio unaowaambia wametua wapi na kuna nini ngazi moja juu. Kwenye simu hufupishwa ubaki ngazi ya kwanza na ya mwisho, ili usile mistari mitatu ya skrini.

Majina ya kurasa nayo yana sheria. Mwongozo wa waandishi wa GOV.UK unataka kichwa kisizidi herufi 65 pamoja na nafasi, muhtasari usizidi herufi 160, sentensi zisizidi maneno 25, na neno analolitafuta msomaji litangulie. Mpaka wa herufi 65 una sababu: matokeo ya Google hukata kichwa kikirefuka. Ukianza na “Taarifa kwa umma kuhusu utaratibu mpya wa…”, kinachobaki kwenye skrini ni hicho hicho tu, na neno lililohitajika limekatwa. Mwongozo huo pia unakataza kurasa za “maswali yanayoulizwa mara kwa mara”. Wengi hushangaa, lakini hoja yao naikubali kabisa: swali likiulizwa mara kwa mara, jibu lake lilitakiwa kuwa kwenye ukurasa wa jambo hilo. Kulihamishia kwenye orodha ya maswali 30 ni kumfanya mgeni atafute mara mbili.

Ukurasa wenyewe

Ukurasa wa sikukuu za kitaifa unafaa kufunguliwa na kila mbunifu. Juu kabisa kuna kisanduku cha rangi chenye tarehe ya sikukuu inayofuata kwa herufi kubwa na jina lake. Chini yake ni orodha ya tarehe za mwaka huu na unaofuata, na kiungo cha kuziingiza kwenye kalenda ya simu. Kwa kuwa sikukuu za Scotland na Ireland Kaskazini hazifanani na za England na Wales, kuna vichupo vitatu, yaani vibonye vya kubadilisha orodha. Basi. Historia ya sikukuu haipo, hotuba haipo. Aliyekuja kujua kama Jumatatu ni kazini au mapumziko anajibiwa kabla hajasogeza kidole.

Vipimo vya ukurasa vimewekwa wazi na vinafaa kuigwa bila kubadilishwa sana. Upana wa juu kabisa ni pikseli (nukta za skrini) 960, hata kama skrini ni pana kiasi gani. Maandishi yanakaa kwenye theluthi mbili za upana huo, ili mstari usizidi herufi 75 hivi. Mstari mrefu zaidi ya hapo humchosha msomaji: jicho likirudi kushoto linakosea mstari, hasa kwa asiyesoma haraka au anayesoma lugha ya pili. Herufi za kawaida ni pikseli 19 kwenye skrini kubwa. Nafasi kati ya safu ni pikseli 30, na kwenye simu ukingo wa kila upande ni 15. Skrini iliyo chini ya pikseli 641 hupata safu moja tu.

Theluthi iliyobaki mara nyingi ni tupu, au ina viungo vichache vya kurasa zinazohusiana. Utupu huo ni wa makusudi, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuilinda. Kwenye tovuti za taasisi, nafasi tupu huwa haidumu mwezi: inaingia picha ya mkurugenzi, kisha habari za hivi karibuni, kisha kalenda, kisha idadi ya waliotembelea tovuti. Kila kimoja kina aliyekiomba kwa nia njema, na vyote kwa pamoja vinaufunika ukurasa. Ikiwa wewe ndiye unayejenga, kubaliana na mteja kwa maandishi tangu mwanzo kwamba safu ya pembeni ni ya viungo vinavyohusu ukurasa husika tu.

Ukurasa mrefu hugawanywa sehemu. Orodha ya sehemu iko juu, sehemu unayoisoma haina kiungo, na chini kabisa kuna mshale wa kwenda mbele wenye jina la sehemu inayofuata. Jina hilo ni muhimu. “Endelea” peke yake haimsaidii mtu kuamua. “Endelea: nyaraka utakazohitaji” inamsaidia. Kuna pia kiungo cha kuchapisha mwongozo wote kwa mara moja, jambo la maana kwa mtu anayeshughulikia mambo yake kwa msaada wa ndugu au mhudumu wa maktaba.

Hatua kwa hatua

Sehemu ninayoiona bora kuliko nyingine zote ni kurasa za hatua kwa hatua. Mfano unaojulikana zaidi ni wa kujifunza kuendesha gari. Ukurasa una hatua zenye namba, zimeunganishwa kwa mstari wima upande wa kushoto: angalia kama unaruhusiwa kuendesha, pata leseni ya kujifunzia, masomo na mazoezi, jiandae kwa mtihani wa nadharia, agiza mtihani wa nadharia, agiza mtihani wa barabarani, na mambo ya kufanya ukishafaulu. Kila hatua imefungwa; ukiibonyeza inafunguka na kuonyesha viungo vyake. Hatua zinazofanyika sambamba, au zile ambapo unachagua mojawapo, hubeba duara dogo lenye “na” au “au” badala ya namba.

Mgeni kwenye jambo lolote hukosa vitu viwili. Cha kwanza ni taarifa, nacho tovuti nyingi hujitahidi kukitoa. Cha pili ni mpangilio wa taarifa hizo: kipi kinatangulia, kipi kinasubiri, kipi hakinihusu. Hiki cha pili hutolewa mara chache sana, na ndicho kinachomfanya mtu aende kwenye kaunta akauliza “nianzie wapi?” Mtu anaweza kusoma ukurasa mzuri kabisa kuhusu mtihani wa barabarani na asijue kwamba bila kufaulu nadharia hawezi kuuagiza.

Ukibonyeza kiungo ndani ya hatua, ukurasa unaofunguka hubaki na hatua zote upande wa kulia, na ile uliyopo ikiwa wazi. Juu ya kichwa kuna maandishi yanayosema ukurasa huu ni sehemu ya safari ipi, nayo ni kiungo cha kurudi. Kwa hiyo hata aliyetua kutoka Google kwenye hatua ya tano anaona kwamba kuna nne kabla yake. Kasoro iko kwenye simu: safu ya kulia hushuka chini ya maandishi, na msomaji asiyesogeza hadi mwisho hazioni zile hatua. Kile kiungo cha juu kinapunguza tatizo lakini hakilimalizi.

Mkenya au Mtanzania aliyehamia Uingereza akiwa na leseni ya nyumbani ana safari tofauti, na tovuti inaijua. Kuna zana ya maswali inayouliza leseni yako imetolewa wapi na kama umeshakuwa mkazi. Kwa leseni za nchi zetu, jibu ni kwamba unaweza kuendesha kwa miezi 12 tangu ulipokuwa mkazi, kisha lazima upate leseni ya kujifunzia na ufanye mitihani. Angalia jinsi kazi zilivyogawanywa: safari iliyonyooka imepewa hatua, na jambo linalobadilika kulingana na hali ya mtu limepewa maswali. Ukilazimisha vyote viwe maandishi marefu yenye “isipokuwa kama” na “endapo”, kila msomaji atabeba masharti ya watu wengine.

Tahadhari moja kuhusu visanduku vinavyofunguka na kufungwa, kwa sababu vimekuwa fasheni. Mwongozo wa GOV.UK wenyewe unashauri uujaribu ukurasa kwanza bila hivyo, ukiwa na vichwa vya kawaida tu. Kinachofichwa husomwa na wachache. Vinafaa pale kila mtu anapohitaji sehemu moja au mbili na kuacha nyingine. Kama kila mtu anapaswa kusoma zote, acha ziwe wazi.

Fomu

Hapa nitapita haraka, ingawa kila moja ya mambo haya ina thamani. Swali moja kwa kila ukurasa: ukikwama au mtandao ukikatika, unajua ulipofika, na kwenye simu hutafuti kisanduku kilichojificha. Kiungo cha kurudi nyuma kiko juu kushoto, kabla ya swali. Tarehe ya kuzaliwa huandikwa kwenye visanduku vitatu, siku, mwezi na mwaka, pamoja na mfano chini ya swali. Kalenda ya kuchagua inamtesa mtu aliyezaliwa 1958, atabonyeza mshale hadi achoke.

Ukikosea, kisanduku chekundu hutokea juu ya ukurasa kikisema kuna tatizo, na kila kosa ndani yake ni kiungo kinachokupeleka kwenye sehemu iliyokosewa. Ujumbe huo huo unarudiwa kando ya sehemu yenyewe, na neno la kosa huongezwa mbele ya jina la ukurasa ili anayetumia programu ya kusoma skrini alisikie mara moja. Ujumbe unaeleza la kufanya. “Weka tarehe yako ya kuzaliwa” unasaidia; “Taarifa batili” haumwambii mtu lolote. Kabla ya kutuma kuna ukurasa wa kuhakiki majibu yote.

Inapomwacha mgeni

Kati ya kurasa hizo 700,000 na zaidi, zile zilizoandikwa kwa ajili ya mwananchi wa kawaida ni sehemu ndogo. Nyingine ni nyaraka za wizara na wakala: miongozo, sera, tafiti, takwimu, taarifa za habari. Huko mpangilio unarudi kwenye muundo wa ofisi, na mgeni anaachwa. Hati zimepewa aina, kama vile mwongozo, mwongozo wa kisheria na waraka wa sera, na tofauti zake anazijua mtumishi wa serikali. Mfano wa kawaida ni kanuni za uhamiaji. Anayetafuta habari za viza ya matembezi anaweza kutua kwenye kiambatisho cha kanuni hizo kinachohusu wageni, chenye aya zenye namba na lugha ya wanasheria, huku ukurasa mwepesi wa jambo lile lile uko kwingine kwenye tovuti hiyo hiyo. Alama ya kumwelekeza huko ni dhaifu mno. Kama tovuti yako ina sheria na maelezo ya sheria, weka juu ya hati ya sheria kisanduku kimoja: “Unatafuta maelezo rahisi? Yako hapa.”

Kutafuta kwa maneno kunapata tatizo hilo hilo. Matokeo huchanganya ukurasa wa huduma na taarifa za habari za miaka iliyopita. Vichujio vipo, lakini mgeni havigusi. Anabonyeza cha kwanza au cha pili.

Mada nazo zinagongana kwa mtu mmoja muhimu, yaani mhamiaji. Kuna mada ya uraia na kuishi Uingereza, mada ya pasipoti, safari na kuishi nje, na mada ya viza na uhamiaji. Mzazi kutoka Goma aliyepata ukaazi wa kudumu, ambaye mtoto wake amezaliwa Birmingham na anataka pasipoti, anaanzia ipi? Kila moja ya hizo tatu ina sababu ya kuwa sahihi. Hapa kuziunganisha kwa viungo vya mkato kungesaidia kuliko kupanga kwa alfabeti, kwa sababu alfabeti inamsaidia anayejua jina la anachokitafuta.

Lugha ni pengo kubwa zaidi. Ni Kiingereza, na Kiwelisi kwa kurasa kadhaa, huku tafsiri za lugha nyingine zikiwa chache na zimetawanyika. Kiingereza chake ni chepesi kweli, kimelengwa kusomeka kwa kiwango cha mtoto wa miaka tisa, na hilo linamfaa sana anayekisoma kama lugha ya tatu. Hata hivyo, nchi yenye wahamiaji wengi kiasi hicho ingeweza kutafsiri angalau zana ile ya viza.

Kuna pia mipaka. Afya iko nhs.uk, kodi ya nyumba na shule ziko kwa halmashauri. GOV.UK inakuomba msimbo wa posta na kukupeleka kwenye tovuti ya halmashauri yako, na kuanzia hapo sura ya ukurasa, maneno na mpangilio vinabadilika. Daraja ni zuri, lakini ng'ambo ya pili watu wa GOV.UK hawana mamlaka nayo.

Kwa anayetaka kuichukua

Habari njema ni kwamba vipande vya tovuti hii vimetolewa bure. Kifurushi kinaitwa govuk-frontend, kilitolewa 2018, na msimbo wake una leseni ya MIT, kwa hiyo unaweza kuutumia hata kwenye tovuti ya biashara. Unakiweka kwa npm (programu ya kupakua vifurushi vya msimbo), au unanakili HTML (msimbo unaounda ukurasa) ya kipande unachotaka kutoka kwenye mwongozo wa kifurushi hicho, ambao unaeleza kila kipande kinatumika lini na lini kisitumike. Hiyo “lini kisitumike” ndiyo inayokosekana kwenye violezo vingi vya kununua.

Viwili havichukuliki: nembo ya taji, na mwandiko (fonti) wa GDS Transport, ambao unatokana na herufi za alama za barabarani za Uingereza zilizochorwa na Jock Kinneir na Margaret Calvert. Vyote ni vya tovuti za gov.uk pekee. Weka Arial au mwandiko mwingine ulio tayari kwenye simu za watu. Utaokoa na bando. Badilisha rangi pia, tovuti yako isije ikadhaniwa ni ya serikali ya Uingereza. Ila usiondoe ile njano inayotokea kwenye kiungo kilichochaguliwa kwa kibodi. Wabunifu hupenda kuifuta kwa sababu inavunja urembo, na wanaowaumiza ni wale wasioweza kutumia kipanya, ambao bila alama hiyo hawajui wako wapi kwenye ukurasa.

Faida kubwa kwa mazingira yetu ni kwamba vipande vyote vinafanya kazi hata JavaScript (msimbo unaoendesha vitu vinavyobadilika kwenye ukurasa) isipopakia. Vile visanduku vya kufunguka, kwa mfano, hubaki wazi vyote. Kwenye mtandao wa kusuasua maandishi yanafika kwanza na yanasomeka. Jaribu tovuti yako kwa kuzima JavaScript kwenye kivinjari: ukiona ukurasa mweupe, basi kuna wageni wako wanaouona mweupe hivyo hivyo.

Mengine yanahitaji kubadilishwa. Utaratibu wa kutafuta anwani kwa msimbo wa posta uache. Huku kwetu watu wanajua mkoa, wilaya, kata na mtaa, na misimbo ya posta hata pale ilipo si wengi wanaoitaja kwa kichwa. Kwa majina fuata ushauri wao wa kisanduku kimoja cha jina kamili, kwa sababu “jina la ukoo” linawachanganya watu wengi wenye majina matatu. Tena Kiswahili kina maneno marefu: kitufe kilichotosha kwa neno la Kiingereza la herufi nne kinaweza kuvunjika mistari miwili. Kipime kwenye skrini yenye upana wa pikseli 320 kabla ya kukubali.

Muundo wa mada usiuchukue kabisa, maana ni wa nchi yao. Wako utoke kaunta. Kaa na mtu wa mapokezi na anayepokea simu, andika maswali yote wanayoulizwa kwa wiki mbili, kwa maneno ya waulizaji wenyewe. Kila swali liweke kwenye kadi yake. Wape kadi hizo watu wasiofanya kazi hapo, mmoja mmoja, wazipange mafungu wanavyoona na wayape mafungu majina. Fungu likiitwa “mengineyo” na kila mtu, ujue kuna mada hujaipata. Kisha, kabla ya kuchora chochote, andika orodha ya mada na mada ndogo kwenye karatasi tupu, mpe mtu swali (“mtoto wangu amepoteza cheti, nifanyeje?”) na umwombe aonyeshe angebonyeza wapi. Ukurasa mzuri hauwezi kuokoa orodha iliyoshindwa kwenye karatasi.

Ukishajenga, tafuta watu watano ambao hawajawahi kuiona tovuti, watumie simu zao wenyewe na bando lao, si kompyuta ya ofisini. Wape kazi tatu kila mmoja. Usiwaelekeze na usiwaeleze chochote. Andika tu walikobonyeza kwanza, kwa kuwa mbonyezo wa kwanza ukipotea safari nzima huwa ngumu. Wawili wakipotea mahali pamoja, badilisha jina la kiungo kabla ya kufikiria kubadilisha rangi au mahali kilipo, kisha rudia kwa watu wengine wapya. Na chini ya kila ukurasa weka kile GOV.UK wanachokiweka: swali la kama ukurasa umesaidia, ndiyo au hapana, na kiungo cha kuripoti tatizo, pamoja na onyo kwamba mtu asiandike humo taarifa zake binafsi wala za fedha. Mpe mtu mmoja mwenye jina kazi ya kuyasoma majibu hayo kila Ijumaa.